Nyoka Mstaarabu wa Daktari Bancé

Salamata Bancé alizaliwa Garango, katika nchi ya Wabissa, ambako watu hulima karanga, huzila, huziuza, kisha hulaumiwa na majirani zao Wagurunsi kwa yote matatu. Wakati wa kuvuna mtu hushinda ameinama, mikono ikipapasa majani, na chini ya majani hayo hulala nyoka mdogo wa rangi ya mchanga asiye na tabia ya kukimbia. Akiuma, damu hukataa kuganda. Shangazi yake Salamata aliumwa, akavuja damu kwenye fizi mpaka akafa. Msiba huo hakuwahi kuutaja katika maandishi yake ya kitaalamu, ambayo hayana sehemu ya kuweka shangazi.

Alisomea famakolojia, elimu ya dawa, Wagadugu, akaenda ng'ambo, Lyon, akarudi, jambo lililowashangaza zaidi watu wa Wagadugu. Kwenye taasisi iliyomwajiri alijipa kazi moja: kutafuta kingamwili ya kuikamata sumu ya nyoka yule, itakayozalishwa maabara badala ya kutolewa kwenye damu ya farasi. Seramu ya farasi ilikuwepo, lakini ilitoka mbali, na mara nyingine ilimtikisa mgonjwa kuliko nyoka mwenyewe. Miaka ikaenda. Mvi zikaota, na kingamwili ikapatikana.

Chumba cha pili alikaa Bienvenu Bationo, mkuu wa majaribio ya wanyama. Bationo ni Mgurunsi, yaani mtani wake, na kati ya Mbissa na Mgurunsi hakuna tusi linaloruhusiwa kumuudhi mtu.

"Mtumwa wangu, umeamka?" ndiyo ilikuwa salamu yake, akiusukuma mlango kwa mguu.

"Nimeamka, mla mbwa. Yule wa jirani mmemmaliza?"

"Tumekubakizia mkia. Tuliona bila karanga hautakushuka kooni."

Kingamwili ilipimwa kwa njia inayokubalika: sumu na dawa vilichanganywa kwenye kichupa, vikaachwa vizoeane, ndipo panya akachomwa ule mchanganyiko. Panya wakapona. Bancé alipotangaza matokeo kikaoni, Bationo alinyoosha mkono.

"Nyoka wa Kibissa ni mstaarabu sana," alisema. "Anamsubiri mkulima alete kichupa, wachanganye, ndipo aume."

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Bancé alijibu kwamba nyoka wa Kigurunsi hana nafasi ya kuuma mtu, kwa kuwa huwa yuko kwenye mchuzi. Tangu hapo Bationo aliurudia utani ule kila kikao, na watu wakauzoea kama chai.

Wiki moja kabla ya kamati kuamua kama dawa ijaribiwe kwa wagonjwa, mlango wa Bancé uligongwa. Uligongwa kwa kidole. Akaingia Bationo.

"Habari za asubuhi, Daktari Bancé. Samahani kwa kukusumbua. Naomba nikae."

Bancé akamsogezea kiti.

"Nani amekufa?"

"Panya. Niliwachoma sumu kwanza, dawa baadaye, kama anavyoumwa mtu shambani. Dawa inafika imechelewa. Nimerudia, wamekufa tena."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nimekuambia kila kikao, Daktari."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania. Na nilikuwa nakuambia."

"Acha kuniita Daktari, unanitisha."

"Nikiacha, hutasikia."

Bancé alirudia jaribio kwa mikono yake mwenyewe. Panya hawakumpendelea. Kanuni za kamati zilidai jaribio la kichupa tu, na hilo alikuwa amelifaulu. Angenyamaza, dawa ingepita, na kazi ya nusu ya maisha yake ingekuwa na jina. Ingepita mpaka kwa mtu aliyeinama kwenye karanga.

Mbele ya kamati alisimama akasema dawa yake inafanya kazi iwapo tu itachanganywa na sumu kabla nyoka hajauma. Wajumbe, waliouzoea utani ule vikaoni, wakamtazama Bationo aliyekaa pembeni, wakacheka.

"Bationo," mwenyekiti akasema, "mwishowe umemfundisha mtani wako kujitania mwenyewe."

Bancé akaeleza upya, polepole. Wakacheka tena, safari hii kwa adabu.

"Mla mbwa, toka nje," Bancé akamwambia Bationo. Hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo.

Bancé akaweka karatasi zake mezani.

"Daktari Bationo," akasema, "tafadhali, naomba utupishe."

Bationo akainama kidogo, akatoka. Bancé akaliondoa ombi lake la kuijaribu dawa kwa wagonjwa, na hakuna aliyecheka.

Aliporudi ofisini alikuta fungu la karanga katikati ya meza. Mbissa akifa, watani wake Wagurunsi humrushia karanga kaburini, kuhakikisha amekufa kweli, maana aliye hai angezila. Akakaa, akazila zote. Kisha akachukua karatasi, akaanza kuchora kingamwili nyingine, ndogo zaidi, itakayowahi kufika. Maganda akayakusanya, akaenda kuyamwaga kwenye kiti cha Bationo.