Walivyouhukumu Mchezo Wasioucheza

Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, ndiye aliyenifundisha kushika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea michezo ya video. Tulikulia Kadutu, mtaa wa Bukavu, katika nyumba ya baba yetu, mwalimu wa jiografia. Mjomba alituletea konsoli iliyokwisha kutumika kutoka Bujumbura, na mchezo mmoja tu, wa Kijapani: wasafiri wanne wanazunguka dunia kwa miguu, wanaingia mijini, wanaongea na kila mtu, na wakikutana na madude ya porini wanapigana kwa zamu, mmoja anapiga, mwingine anangoja.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na sisi shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Basi tukawatungia maneno yao. Malkia wa mchezo ule aliongea Kiswahili cha wauza ndizi wa sokoni, na mfalme mwovu alimtukana kwa Mashi, kwa sababu yaya alisema Mashi ndiyo lugha nzuri ya kukasirikia. Maman alikuwa akipita na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, anasimama, anauliza, "Hawa bado hawajafika kwabo?" Walikuwa bado. Ilituchukua likizo nzima. Umeme ukikatika tukiwa katikati ya pango, tulilia kama waliofiwa, maana mchezo ule ulikuruhusu kuhifadhi safari yako katika nyumba za wageni tu.

Siku hizi mimi ni mtafsiri katika ofisi moja ya Bukavu, na yaya ni muuguzi Kamanyola. Niliposikia kwamba Wajapani wametoa mchezo mpya, uliotengenezwa makusudi kwa mtindo ule wa zamani, kila mmoja wetu alijitafutia wa kwake. Tukawa tunatumiana ujumbe wa sauti: umefika mji gani, yule mpishi mzee amejiunga nawe? Tulikuwa watu wazima wenye watoto, na tulicheka mpaka watoto wakatuonea haya.

Kisha nikafanya kosa la kusoma wahakiki wa Ulaya.

Wengine waliudharau. Eti unakwenda polepole, hauna mshale wa kukuonyesha njia, na kumlazimisha mchezaji atafute nyumba ya wageni ndipo ahifadhi safari yake ni kumkosea heshima. Sawa. Waliouchoma moyo wangu zaidi ni wale waliousifu. Hao waliandika kana kwamba utamu wote wa mchezo ni kukumbuka: zulia la sebuleni, mvua ya Jumapili, utoto wao. Hakuna aliyeuliza kama hadithi yenyewe inasimama, kama wasafiri wale wana roho. Kwao ulikuwa picha ya zamani ya kufuta vumbi. Nilijiuliza, na mtoto wangu anayeuona leo kwa mara ya kwanza, asiyekuwa na zulia wala Jumapili zao, yeye anaupendea nini? Maana aliupenda.

Redio moja ya hapa mjini ina kipindi cha utamaduni kila Jumamosi mchana. Mtangazaji alinijua, akanialika niuzungumzie. Nilifika nikakuta amemwalika pia mchambuzi mmoja, mwalimu wa chuo, mtu wa tai iliyonyooka na sauti ya kupendeza. Alianza yeye. Aliongea vizuri sana. Lakini kadiri alivyoendelea nilizidi kuyatambua maneno yake, mshale, polepole, heshima ya mchezaji, na nikaona macho yake yako kwenye simu.

"Papa, samahani," nikamkatiza. "Weye ulifika wapi mu huu muchezo?"

"Kufika namna gani?"

"Mji gani? Mulima uliuvuka?"

"Madame, mi sikuucheza. Nilisoma critiques. Bote banasema vile vile."

"Kwa hiyo uko unatusomea macho ya bengine?"

Mtangazaji akacheka. "Madame, tulia. Iko jeu tu."

Iko jeu tu, yaani ni mchezo tu! Angekuja mtu pale kuhukumu riwaya ambayo hajaifungua, wangemfukuza. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Mchambuzi naye akaongeza, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba kwa hali ngumu ya mji wetu siku hizi haelewi mtu mzima anapata wapi roho ya kukaa akipigana na madude ya kutungwa.

"Na mpira unauangaliaka na roho ya nani?" nikamuuliza.

Mtangazaji akaweka muziki haraka.

Sikuwa nimefika hata barabarani, yaya akapiga simu. Alikuwa amesikiliza kupitia simu yake, kazini. "Na ukamuacha aseme vile? Mi niliacha mugonjwa anangoja sindano, juu ya kukusikia weye, na ukamuacha!"

"Nilimujibu, yaya."

"Ulimujibu kidogo!"

Jumatatu nikaifunga konsoli yangu ya mkononi katika kipande cha kitenge, nikaipeleka chuoni kwake. Nilimkuta kwenye mlango wa darasa. Nikamwambia, "Chukua. Ukivuka mulima, tutaongea." Nadhani aliipokea kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatuangalia.

Alikaa nayo muda mrefu, nikaanza kuililia konsoli yangu. Kisha mtangazaji akatuita tena, na mchambuzi akaja bila kushika simu. Alisema amevuka mlima. Alisema hao wanaolalamika kwamba hakuna mshale hawakuongea na watu wa vijijini. "Mi niliuliza njia. Maman mumoja wa kisima akaniambia, pita kwa daraja lililobomoka. Basi! Mutu anauliza, anaonyeshwa." Alisema mpishi mzee alipougua, alizima konsoli akatoka kwenda kutembea.

Nilitabasamu mapema mno.

"Lakini vita," akasema. "Madame, vita inachosha! Unapiga hatua kidogo, vita. Unafungua mlango, vita. Hiyo si uzamani, ni uvivu wa waliotunga. Hadithi nzuri kama ile, banaikatakata kama nyama ya brosheti."

"Vita ndiyo inakufanya uogope njia!" nikapaza sauti. "Ukiiondoa, mulima unabaki matembezi ya Jumapili!"

"Basi batafute namna ingine ya kuniogopesha!"

Alikuwa amekosea, nami nilikuwa na hasira kuliko siku ya kwanza, maana sasa alikuwa na mifano. Alitaja pango la chumvi, akataja zamu kwa zamu jinsi mtu angeweza kulishinda dude la mlangoni mapema zaidi. Nilimjibu kwa mifano yangu. Mtangazaji alituonyesha saa, hatukumwangalia. Fundi wa mitambo akatufungia mikrofoni, tukatoka tukibishana, tukasimama koridoni kwenye njia ya watu, yeye tai imepinda, mimi kitenge kimenidondoka begani, na hakuna aliyekubali kushuka ngazi kwanza.