Mama Domitille Hajisifu

Mama Domitille alikuwa akipika bukari, ugali wa kwetu, pale Mutoshi tangu kabla sijafika huko kuchimba shaba. Moshi wa makaa ulikuwa umemharibu macho, na daktari wa zahanati alimwambia achague: aache moto au apofuke. Basi aliposikia kambi moja ya wafanyakazi upande wa Nzilo inatafuta mpishi mkuu wa jiko la gesi, akajiandikisha katika darasa la Kiingereza la mzee Ruffin, tuliyemwita Tata, yaani baba, kwenye ukumbi wa parokia, maana mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza. Mimi Gael nilikuwa tayari darasani, mkia wa wanafunzi wote.

Juma lile tulifundishwa "a lot of", yaani wingi wa kitu. Tata Ruffin anaupenda msemo huo kupita kiasi.

"Muko na bahati," alisema. "Batu, maji, unga, byote binakubali. Muweke tu 'a lot of' mbele. Haiulize kama kitu kinahesabika."

Akataka kila mtu aseme sentensi juu ya maisha yake. Mimi nikasema "I have a lot of problems", kwamba nina matatizo mengi. Darasa zima likacheka, na sikuona cha kuchekesha. Mama Domitille aliambiwa aseme ana ujuzi mwingi. Akasema "a lot of water", maji mengi, akaketi.

"Mama, maji haiko yako. Sema ya kwako."

"Ya kwangu iko kidogo, tata."

Kidogo! Mwanamke aliyelisha nusu ya Mutoshi. Lakini kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa kama una unga nyumbani, ni kidogo. Mahindi shambani, kidogo. Hata watoto husemi ni wengi, usije ukayaita macho ya watu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tata Ruffin alibishana naye mpaka jasho likamtoka: kambini, akisema kidogo, wataandika kidogo na kumwita mwingine. Mama alimsikiliza kwa adabu, akabaki na kidogo yake.

Siku moja kabla ya mahojiano alinijia shimoni na sahani ya bukari na sombe, kisamvu chake.

"Gael, tata, kesho tutaenda bote. We njo utanisemea. Mwenye kuoa hasemake ye mwenyewe kwa bakwe."

"Mama, Kiingereza yangu ni mbaya. Beba Tata Ruffin."

"Ruffin hajakula kwangu."

Nikala nikiwa nimekasirika. Kuna siku shimo linanipa udongo mtupu, na siku hizo mama huyu hujaza sahani yangu bila kuuliza kitu. Akienda kambini, nani atanilisha? Yeye mwenyewe alilijua hilo, na bado alinichagua mimi.

Kesho yake kambini, mgeni aliyetuhoji hakujua Kifaransa wala Kiswahili. Aliuliza mimi nimefuata nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba mama haongei, naongea mimi. Akakunja mikono, akaniacha niendelee. "A lot of people eat," nikasema, watu wengi wanakula. "A lot of food." Hapo maneno yakaanza kuniishia, nikabaki na ukweli tu: siku ambazo sina kitu ananipa, na siku hizo ni nyingi. "A lot of days."

Mgeni akamgeukia Mama Domitille, akamuuliza kama ni kweli.

"A little," akajibu, macho chini. Kidogo.

Yule mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimama, akampeleka mama kuonyeshwa jiko la gesi atakalopikia.

Jumatatu nilitoka shimoni mikono mitupu, nikaenda hadi kibandani kwake kwa mazoea. Mafiga yalikuwa yamepoa na sufuria zimeondolewa. Nilifurahi kwa ajili yake, na njaa iliniuma sana, vyote kwa pamoja. Nikamwombea macho yake yapone, nikarudi kuchimba bila kula.