Ukurasa wa Wote, Mwandishi Mmoja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Avelina Mbawala anafunua vitambaa vilivyofunika kompyuta nne katika duka la intaneti, Mikocheni. Anabonyeza kitufe, laini ya simu inapiga mluzi mrefu, naye anasubiri amekunja mikono. Kabla mteja wa kwanza hajaingia, anafungua ukurasa mmoja na kutazama sehemu ya chini, panapoonyeshwa jina la aliyeugusa mwisho.

Jina ni lake. Limekuwa lake tangu Juni.

"Kila siku namkuta Avelina," anasema, na kuufunga.

Avelina, mwenye umri wa miaka 47, alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1994, miaka mitano iliyopita, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wote wa chumba cha wapiga chapa. Mumewe alikwisha kufariki, na binti yake wa pekee ameolewa Songea, alikozaliwa Avelina. Sasa analipwa shilingi 45,000 kwa mwezi kuwafundisha watu kutuma barua kwa kompyuta. Jioni hurudi Buguruni, kwenye chumba kimoja.

Tovuti anayoifungua ilianzishwa na mwalimu Mtanzania aishiye ng'ambo. Haina mhariri. Yeyote anayesoma anaweza kuongeza habari au kusahihisha, na maneno ya awali huhifadhiwa, hivyo akikosea mtu hakuna kinachopotea. Avelina ameandika habari za Buguruni: soko, visima, mitaa ilivyopata majina. Lakini mwalimu ametangaza kwamba ukurasa ambao hadi mwisho wa Desemba utakuwa na mkono wa mtu mmoja tu utaondolewa.

Zimebaki siku kumi na moja.

Mbona asijiandikie kwa jina jingine? "Naweza, ni dakika moja tu," anasema. "Lakini nitakuwa nimezungumza na nani?"

Kinachomkwamisha si kompyuta, ni adabu za watu. Alichapisha ukurasa ule kwenye karatasi, akaenda kuwasomea waliozaliwa Buguruni. Zubeda, muuza nazi sokoni, alimsikiliza hadi mwisho.

"Umeandika vizuri, dada."

"Hakuna nilipokosea?"

"Mie nani nikukosoe, mtu umeshika makaratasi?"

Alipogeuka kuondoka, Avelina alimsikia Zubeda akimwambia jirani yake kuwa soko halikuanzia pale hata kidogo.

Jumatatu wiki hii aliingia dukani Mzee Khalfani Mwishehe, fundi cherehani mstaafu, mwenyeji wa Buguruni, akitaka kumwandikia mwanawe aliyeko Maskati. Avelina alimpa shikamoo, akamsaidia kuandika barua, kisha akamsomea ukurasa wake na kumweleza kwamba yeyote anaweza kuusahihisha.

"Ni kama wasifu wa marehemu, mzee. Mmoja anaandika, ndugu wanamrekebisha, mpaka unapatikana wa kusomwa."

"Hiyo ni misiba yenu. Sie tunazika mapema, hakuna cha kusoma." Alifikiri kidogo. "Labda useme kama kuhesabu nasaba. Mmoja anataja mababu, mwingine anamwambia, hapo umemruka mtu."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Basi umemruka mama yangu. Kisima hicho unachokiita cha serikali alikichimbisha yeye, kwa pesa za vitumbua."

Hakuna aliyewahi kumwambia Avelina amekosea. Akamsogezea mzee kiti mbele ya kompyuta.

"Andika wewe, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu."

"Nikiandika mie, mzee, mama yako atakuwa kasimuliwa na mgeni kutoka Songea."

Mzee Khalfani alicheka, akapapasa mfuko wa kanzu. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Akaahidi kurudi Ijumaa baada ya swala.

Avelina hana uhakika kama atarudi. Wazee huahidi mengi wakiwa wanaaga. Hata hivyo amemwomba mwenye duka nusu saa isiyo na malipo siku hiyo, na ameichagua kompyuta yenye herufi zinazosomeka vizuri.

"Nitamfungulia ukurasa na kumwonyesha pa kubonyeza, halafu nitatoka nikasimame nje barabarani," anasema. "Nikibaki, ataniuliza aandike nini."