Ulanga wa Baba Niliotafuna

Mpaka leo nikisikia harufu ya jiwe lililoloweshwa na mate, nageuza uso. Ndivyo mdomo wa mama ulivyonuka miaka ya sabini, tukiishi Kawangware, akiwa na mimba na kutafuna yale mawe laini ya sokoni kama njugu, tope ya kijivu imesimama pembeni ya midomo. Niliona kinyaa, na bado nilikuwa namwibia nikitafuna pia, maana akili zangu hata shuleni ziliishia darasa la sita.

Baba naye alikula jasho la mawe, lakini kwa heshima. Ofisi yao ya kupima mawe huko mjini ililetewa mawe ya zamani sana kutoka milimani, yaliyopikwa na joto la chini ya ardhi mpaka yakageuka sura. Baba aliponda, akachekecha, akachambua ulanga, zile chembe nyembamba zinazometa ndani ya jiwe, kwa kibanio, moja moja. Ndani ya chembe hizo, alitueleza, kuna kitu kinaoza polepole sana. Wakubwa wakipima kilichooza na kilichobaki, wanajua jiwe lina miaka mingapi. Ndiyo maana hata jasho ya kidole haikutakiwa kugusa.

Jumamosi moja alileta nyumbani, kwa karatasi, ulanga wa jiwe ambalo halikuwa na lingine kama hilo, amalizie kuuchambua kabla ya Jumatatu. Alipoenda kuoga, nikaona vile inameta, nikadhani hii sasa ndiyo mawe ya matajiri. Nikajaza mdomo. Ilikuwa kama magamba ya samaki. Nikatema yote kwa karatasi ileile, pamoja na mate na mabaki ya githeri, nikakoroga na kidole isijulikane.

Baba aliporudi aliangalia lile tope, akamgeukia mama.

"Mama Beti, hata kazi yangu umekula?"

Mama aliniangalia. Kidevu changu kilikuwa kinameta. Akalowesha kona ya leso na mate yake, akanipangusa kama anatoa kamasi.

"Ni hii mimba, Baba Beti. Nisamehe."

Nikaenda kusukutua mdomo. Jumatatu baba alieleza ofisini. Wakacheka, kisha wakamtoa mezani, wakamrudisha uani kuponda kwa nyundo mpaka akastaafu.

Mama tulishamzika. Siku hizi wasichana wa saluni pale Kenyatta Market wanatafuna mawe ya pakiti wakisuka, nami napita nimeziba pua. Jumapili iliyopita baba aliwahadithia wajukuu tena vile nyanya yao alikula mlima mzima na kazi yake. Nilicheka kushinda wote, nikamwongezea chai.