Kwenda Sengerema na Ganda la Konokono

Nilisafiri kwa sababu mama yake Kabula hakuamini sababu ya kifo cha binti yake. Baada ya mazishi alituma ujumbe chuoni: aliyekuwepo aje aeleze ni konokono gani auaye mtu. Aliyekuwepo nilikuwa mimi, mwanafunzi mwenzake wa uzamili. Ndiyo safari ambayo, Kabula angekuwa hai, ningeifanya kupeleka posa.

Ndani ya treni kutoka Dar es Salaam nilipakata kopo lenye ganda lenyewe, limefungwa kwa pamba. Nilipanga maelezo: konokono huyu wa baharini huwinda samaki, hurusha jino lenye sumu mithili ya mshale. Nikayapanga upya. Kila mara yalifika mahali Kabula anapocheka, nikakwama.

Mwanza tulifika asubuhi. Huko Mkuyuni, kati ya mabanda ya mitumba na redio zilizoshindana, nilinunua kitenge na sukari. Kabula aliahidi kunionyesha mawe ya mji huu. Niliyatazama peke yangu, bila kujua alipenda lipi.

Kwenye kivuko, upepo wa ziwa haukuwa na chumvi. Nililamba midomo kuhakikisha.

Sengerema, alasiri, nilijitambulisha kama mwanafunzi mwenzake tu. Mama aliniandalia michembe ya viazi vitamu na karanga, sikuweza kula. Mjomba wake Kabula aliligeuza ganda nililolitoa koponi.

“Msomi, huku konokono tunawakanyaga shambani. Hawajatuua.”

Nikaeleza jino, ganzi, pumzi kukatika. Maelezo yalikuwa sahihi, na hayakumfikia mtu.

Mama alilichukua ganda, akatazama upande mpana unaojizungusha. Akaingia ndani, akatoka na kibangwa, kipande cheupe cha ganda, cha mviringo, alichokivaa babu yake Kabula shingoni katika ngoma za ukoo. Akaviweka pamoja. Mzunguko ulifanana. Siwezi kuapa kuwa ni spishi ile ile. Jamii ni moja.

“Tangu utotoni alituuliza mnyama wa hiki yuko wapi,” alisema. “Tukamwambia alishakufa zamani.” Akaligusa ganda. “Alipomwona hai, alifurahi?”

“Alifurahi, mama. Alimshika mkononi, akaniita nikaone, huku anacheka.”

Mjomba aliinamisha kichwa. Mama akanisogezea sahani.

“Basi. Kula, mkwe.”

Kesho yake nilivuka kurudi. Nilikwenda kueleza kilichomuua. Nikarudi nikijua alichokitafuta. Hakuwahi kuniambia habari za kibangwa, labda alikuwa akiziweka kwa ajili ya safari hii. Ganda nililiacha kando ya kibangwa. Kopo lilibaki na pamba tu, nami nililipakata hadi Dar es Salaam.