Mluzi wa Machinjioni

Mdogo wangu wa kiume watu humwita Mluzi. Ukimwona alivyo mpole, shati limechomekewa kama anakwenda kuposa, huwezi kudhani kazi yake ni kuwatangulia ng'ombe wanaokwenda kufa. Kisu hashiki. Wachinjaji wako ndani na mabuti yao. Yeye ana zizi la nje na kile kichochoro cha mabomba ya chuma kinachoingia ndani. Kwingine ng'ombe huswagwa kwa fimbo mpaka nyama ikavilia damu. Mluzi yeye hutangulia akipiga ule mluzi aliowaitia ng'ombe wa baba kwenda kunywa maji tulipokuwa wadogo, nao humfuata kama watoto wa shule. Mwisho wa kichochoro pana upenyo ukutani, wa kupita mtu mwembamba. Yeye hupenya, lango hushuka nyuma yake. Basi.

Kazi hiyo imemlisha tangu aoe, na hakuna aliyemkosesha raha juu yake mpaka binti yake alipopewa shairi shuleni.

Tulikuwa kwao jikoni, mimi na wifi tunachambua mchele, binti anachambua shairi lake.

"Soma kwa sauti, nasi tufaidi," nikamwambia.

Akasoma:

Nilipopiga mluzi, nyikani waliitika,
Ng'ombe na swala na mbuzi, pamoja walinifika,
Hatuna vipingamizi, udugu umetushika,
Anijuaye sauti, hawezi kuniogopa.

"Haya, maana yake nini?"

"Shangazi, mtunzi anaonyesha uhusiano wa binadamu na wanyama na mazingira. Mluzi ni ishara ya upendo. Wanyama wanamwamini kwa kuwa wanaijua sauti yake."

"Kumbe baba yako kaandikwa!" wifi akacheka. "Kesho atatukataa huyu, keshakuwa mtu wa vitabuni."

Mluzi alikuwa mlangoni anavua viatu. Hakucheka.

"Akishawaita, anawapeleka wapi?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Huyo mtunzi."

Binti akapitia mistari yote, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Halisemi, baba. Limeishia pale walipomfikia."

"Limeishia pazuri," akasema, akatoka nje na kiatu kimoja mguuni.

Tangu siku hiyo hakutulia. Njiani alikuwa akisimama ghafla na kugeuka nyuma, na nyuma hakuna kitu. Wifi akanieleza kwamba mumewe analalamika kuna pumzi shingoni, pumzi ya moto yenye harufu ya majani, hata akiwa ameegemea ukuta.

Nikamfuata. Mimi sina subira na mambo ya namna hiyo. "Wewe, ng'ombe walioliwa hawafuati mtu. Wamekwisha, wako matumboni mwetu."

"Matumboni mwenu, dada. Mimi siwali."

Ni kweli, nyama haigusi. Miaka yote tulidhani ni tumbo linamsumbua.

Kazini akajaribu kupita kichochoroni kimya. Alitumaini ng'ombe watagoma, ili angalau mzigo usiwe wake. Wakasimama kidogo, wakasikiliza viatu vyake, wakamfuata vilevile.

Hapo ndipo alipokwenda kwa msimamizi kuomba aoshe sakafu.

"Unaacha kazi yako kwa sababu ya shairi?" msimamizi akamuuliza. "Mzima wewe?" Lakini akampa mpira wa maji, na kichochoroni akaweka mabarobaro wenye fimbo.

Mimi huuza chai pale langoni, kwa hiyo niliyasikia mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kwamba ng'ombe hulia vile. Kwato zinateleza kwenye saruji, mabomba yanagongwa, na ile sauti inapanda mpaka wateja wangu wanaacha vikombe. Mluzi namwona kwa mlangoni, anaosha mahali pamoja, maji yanamwagika, hasogei.

"Walikuwa wananiita, dada," akaniambia jioni.

Binti yake, maskini, alidhani yote ni makosa yake. "Baba, nimwandikie mwalimu nini?"

"Andika alivyokufundisha."

"Lakini wewe unaonaje?"

Akaketi karibu naye. "Kuniamini, wananiamini. Hapo mtunzi hakudanganya. Nikinyamaza, wanakufa kwa hofu. Nikipiga mluzi, wanakufa wakidhani wanakwenda kunywa maji. Wewe uliyesoma, lipi lina udugu?"

Mtoto akaanza kulia. Wifi akaniangalia, mimi nikaangalia sufuria. Hakuna aliyemchagulia.

Kesho yake aliomba arudishwe kichochoroni. Nilisogea na birika langu mpaka kwenye uzio nione. Alikuwa anapiga mluzi uleule, ila anatembea kinyumenyume, kisigino kinapapasa saruji, uso umewaelekea. Anamtazama mmoja, anahamia kwa mwingine. Alipofika kwenye upenyo hakupenya.

"Mluzi, toka! Tushushe lango!" wachinjaji wakampigia kelele.

"Ngoja. Wa mwisho sijamwona."

Alipokuja kuchukua chai, kifua cha shati kilikuwa kimelowa mate ya ng'ombe.

"Haya, shingo imepona?" nikamuuliza.

"Sasa wananipumulia usoni," akasema. "Angalau nawaona."

Chai hakuimaliza. Ng'ombe wengine walikuwa wameshafika zizini.