Hapana ya Kwanza ya Delia

Kwetu kijijini Drumkeelan ukikaribishwa chai, unakataa. Unakataa na mara ya pili, huku umeshavuta kiti. Mara ya tatu ndipo unasema, "Basi kidogo tu, usijisumbue," na hicho kidogo huja na mkate, siagi na nyama ya nguruwe. Anayekubali mara ya kwanza tunamwita mroho. Anayekualika mara moja tu, hakukusudia.

Delia Gilrane, mwenye duka pale njia panda, hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza tangu azaliwe. Hata jino lilipomvimbisha shavu, daktari alipomwambia aketi alijibu kwamba angeweza kusimama. Ana miaka sitini na saba, na hakuolewa. Mimi ndiye ninayepeleka barua huku, kwa hiyo naijua sababu.

Delia alikuwa kijana bado wakati Malachy Keaveney alipokuja kukaa kwa baba yake mwenyewe, fundi matrekta wa hapa. Malachy alikuwa amelelewa Uingereza. Jumamosi moja aliingia dukani akamwomba Delia waende dansi. Delia akasema, "Hapana, usijisumbue." Malachy akasema sawa, akaondoka. Chini ya aproni Delia alikuwa amekwisha vaa gauni jipya.

Mwaka uliofuata Malachy alirudi Uingereza, akaoa muuguzi, wakapata watoto.

Haya Delia aliniambia mwenyewe, mwaka aliomzika mama yake. "Ningekubali ya pili," alisema. "Wala nisingengoja ya tatu."

"Si ungemwambia, Bi Delia?"

"Nimwambie nini mtu aliyekwisha toka mlangoni? Watu wangesemaje?"

Watu! Nilikasirika nikasahau stempu zangu. Watu wenyewe ndio sisi, na hatukuwa na la maana la kusema.

Malachy sasa ni mjane, na mwaka wa pili huu anaishi katika nyumba ya baba yake. Kila siku hununua mkate mzima kwa Delia. Mimi hupita kwake na barua, na naona anakoupeleka: kunguru wa uwanja wake wamenenepa hata kuruka ni shida.

Alhamisi moja ya Oktoba nilikuwa dukani nafunga mfuko wa barua. Delia alikuwa anakata nyama kwa mashine. Malachy akaingia, akachukua mkate wake, akasimama, akakohoa.

"Delia, Jumapili naoka nyama ya kondoo. Njoo tule wote."

"Hapana, Malachy, usijisumbue."

"Haya," akasema, akatoka.

Nilitamani nimpige kwa mfuko. Miaka miwili amekunywa chai katika kila nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfundisha. Tulidhani kila mtu huzaliwa anajua. Delia aliinamia nyama yake, amebana midomo. Nje gari likawashwa.

Ndipo Delia akatoka. Aliiacha mashine ikizunguka, akaingia mvuani na ndala zake za ndani, akagonga kioo cha gari. Mimi nikamfuata hadi mlangoni, sina haya.

Malachy akateremsha kioo. "Nimesahau kitu?"

"Umesahau. Uliza tena."

"Si umekataa?"

"Nimekataa ya kwanza. Huku kwetu ya kwanza haihesabiwi, bwana we. Ulipaswa kuambiwa zamani."

Malachy akazima gari. Mvua ikaingia ndani ikamlowesha mkono asijali.

"Zamani," akasema. "Hata ile ya dansi?"

"Hata ile."

Hakuomba radhi, wala Delia hakuidai. Maji yalikwisha mwagika, na wote wawili walijua ni mengi kiasi gani. Niliona uchungu, na sikuweza kuyaondoa macho.

"Delia," akasema taratibu, "utakuja Jumapili?"

Mdomo wa Delia ukafunguka, na naapa niliiona ile hapana ikipanda kwa mazoea ya maisha mazima. Akaimeza.

"Saa ngapi?" akauliza.